Kifuniko cha Maziwa ya Jua

Muzee Nsanzimana alipokimbia Masisi alitoka na vitu viwili: fimbo na mutemeri, kile kifuniko cha kusukwa chenye ncha juu, ambacho wafugaji hufunikia chombo cha maziwa. Vifuniko hivyo alikuwa navyo viwili. Kimoja kilibaki na ng'ombe. Mjukuu wake Deborah alizoea kukiona hiki cha pili kimetundikwa ukutani pale Mabanga, mtaani Goma, kama picha ya marehemu.

Asubuhi hiyo hakuwa na macho ya ukuta. Mkononi alikuwa na chupa mbili za kioo, zake za mwisho. Ndani mlikuwa na pombe ya maabara, ile isiyonyweka, na unga wa njano alioupata kwa kuchoma mbolea ya urea ndani ya chungu kilichofunikwa, kwenye tanuru la mfua vyuma. Kwa macho ni unga tu. Lakini kila chembe ni karatasi juu ya karatasi, nyembamba hivi kwamba ukirundika elfu kumi hujafikia unene wa unywele. Mwangaza ukiigusa karatasi, inaamka. Inaikutanisha ile pombe na hewa, na kitu kipya kinazaliwa. Yenyewe haipungui. Ni kazi ya mkunga: anazalisha, mtoto si wake.

Ndivyo alivyoandika kwenye mémoire yake ya kumaliza chuo. Kuonyesha ndiko kulikomshinda. Wiki iliyopita assistant Zihindula, msimamizi wake, alimwambia mbele ya wenzake:

"Deborah, jua la Goma linaivisha yai juu ya jiwe. Nani amekuambia ni mwangaza inafanya kazi? Pengine ni moto tu. Nitapita kwenu vendredi, saa kumi. Kama hauna jibu, urudie kutengeneza sabuni kama wengine."

Basi Ijumaa hiyo aliziweka chupa juani, juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, akaziba midomo kwa pamba inayopitisha hewa. Zote mbili juani, kwa woga: moja ikikataa, ya pili itakubali. Njia ya kutenganisha mwangaza na moto hakuwa nayo.

"Muzee, unitikisie hizi kila mara, unga usilale chini. Miye usingizi unaniua."

"Kutikisa?" Muzee akacheka kwa ufizi. "Nimetikisa maziwa miaka makumi sita, leo mutoto ananifundisha kutikisa!"

Deborah akakaa kivulini mwa bati, na usingizi wa mchana ukamchukua bila kuaga. Aliona moshi wa Nyiragongo umegeuka makaratasi, yanashuka taratibu juu ya vilima vya Masisi, kila moja na mwangaza ukingoni. Yalitua migongoni mwa ng'ombe, ng'ombe wasihisi kitu. Chini ya mti wa umwumba alisimama marehemu bibi yake, anabandua ganda kwa panga. Ganda la umwumba lina harufu tamu na chungu kwa pamoja; wazee wenye shida ya mkojo, wanaotibiwa nalo, wanaijua.

"Nusa," bibi alisema.

Akanusa. Akafungua macho. Bibi alikuwa ameondoka, harufu haikuondoka.

Alikimbilia ukutani. Chupa moja ilikuwa wazi. Ya pili ilikuwa imevaa mutemeri hadi chini.

"Muzee! Umefanya nini?"

"Maziwa banafunikaka. Jua ikiiangalia inaharibika. Kifuniko niko nacho kimoja tu."

"Lakini si maziwa!"

"Njano vile, kama ya ng'ombe iliyozaa jana? Usinidanganye. Nilitikisa zote. Hii tu nilitikisa na kofia yake, tangu ulale."

Deborah alitaka kulia. Nusu ya kazi imepotelea gizani! Na hapo hapo Zihindula akabisha mlangoni, akaingia, hata kiti hakungoja.

"Basi? Ni mwangaza ao ni moto?"

Deborah aliingiza mkono chini ya mutemeri, akagusa chupa iliyofunikwa. Ilikuwa ya moto. Akagusa ile ya wazi: moto ule ule. Mawe meusi yalizipasha zote mbili kutoka chini, mchana kutwa. Akainua mutemeri, akanusa. Hakuna kitu. Akanusa ile ya wazi, na msitu mzima ukamwingia puani.

"Assistant, gusa hizi mbili."

"Ziko moto."

"Moto sawasawa?"

"Sawasawa."

"Sasa unuse."

Zihindula akanusa moja, akanusa ingine, akarudia. Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kupimia kile kitu kipya, akadondosha tone kila upande. Katika chupa ya wazi paliganda kitu cha rangi ya chungwa. Katika ile ya mutemeri hapakuganda kitu.

"Nani alikufundisha kufunika moja?"

"Mufugaji."

Zihindula akacheka, akafungua daftari. "Na hii kofia inaitwa nini?"

"Mutemeri."

Akaandika hivyo hivyo. Habari ya sabuni hakuitaja tena.

Muzee alikuwa ameinamia chupa ya wazi. "Nilisema mimi, hii imeoza..." Sauti ikakatika. Pua ilibaki pale pale, macho yakafumba.

"Deborah, nani amekata umwumba wetu?"

"Hakuna, Muzee. Iko kule Masisi, imesimama."

"Basi imetufuata kwa mguu."

Akachukua mutemeri, akaifunika ile chupa ya wazi, polepole, harufu isitoke.