Mpira Mmoja kwa Sheria za Kale

Kaka yangu Lucius alikuwa na nyonga iliyosagika, na badala ya kurudi kwa daktari alikuwa anakwenda kwa kinyozi. Anashuka ngazi za mbele ya nyumba kwa makalio, moja baada ya nyingine, akidhani hakuna anayemwona. Akifika chini anajinyoosha, anaweka kofia sawa, na kutembea mpaka kwa Odell kama mtu anayekwenda kupokea tuzo. Mimi niko dirishani naona kila kitu, nachemka.

Daktari alisema waziwazi: mfupa umekwisha, abadilishiwe nyonga kabla ya majira ya baridi. Alishaanguka bafuni. Akaanguka tena nyuma ya kanisa, akalala kwenye theluji mpaka shemasi alipomkuta. Akianguka tena, daktari alisema, huenda asiinuke. Lucius akamuuliza kama amewahi kucheza mpira wa kikapu. Daktari akasema hapana, na kwa Lucius mazungumzo yakawa yamekwisha.

Hapa kaskazini mwa Philadelphia, watu wa rika letu hawamwiti Lucius. Wanamwita Kufuli. Alicheza ligi kuu miaka ya sabini, misimu michache tu, na kazi yake ilikuwa moja: kumfungia njia mfungaji wa timu nyingine. Sheria za wakati ule zilimruhusu mlinzi kumwekea mtu mkono kiunoni na kumpeleka anakotaka yeye. Lakini aliyesukuma naye alisukumwa. Yale majitu yaliyosimama chini ya kikapu yalikuwa yanambwaga sakafuni mechi baada ya mechi, na filimbi haikulia. Nyonga ile haikuliwa na uzee, ililiwa na sheria zile zile anazozisifu. Nikimwambia hivyo ananitazama kama nimemtukana marehemu mama.

Siku moja mwishoni mwa Julai nilimfuata huko huko kwa Odell. Mwanangu Quadir alikuwa kitini ananyolewa. Yeye ndiye anayecheza ligi kuu sasa hivi, na kila kiangazi anarudi nyumbani, na kichwa chake hakiguswi na kinyozi mwingine. Televisheni ilikuwa inarudia mechi ya msimu uliopita na Lucius alikuwa anahubiri.

"Hawa ni wacheza dansi hawa! Ukimgusa kidogo, pii, filimbi. Anapiga hatua nne, refa anatazama mawingu. Angalia huyo, kaubeba mpira utadhani kabeba bakuli la supu!"

"Lakini wanafunga, Kufuli," Odell alisema. "Tena kutoka kule mbali."

"Kule mbali! Sisi ukitupia kutoka kule unapata mbili kama mwenzio aliye chini ya kikapu. Kocha angekukalisha benchi mpaka uote mizizi."

Quadir akacheka chini ya kitambaa. "Mjomba, na nyie mngeletwa leo? Mngemaliza faulo zenu watu hawajapata viti. Mechi mngeitazamia chumba cha kubadilishia nguo."

Duka zima likaangua kicheko. Lucius akainuka, polepole, ameshika mgongo wa kiti.

"Wewe kijana hungevuka nusu ya uwanja. Ningekushika hapa," akajigusa kiuno, "ukabaki hapo mpaka mama yako aje kukuchukua."

"Mama yake yuko hapa," nikasema.

"Vizuri, asikie. Jumamosi ijayo ni Siku ya Sheria za Kale. Mpira mmoja, mimi na yeye. Akinipita kwa sheria zetu, najipeleka mwenyewe kwa yule daktari wenu. Asiponipita, Nell, sitaki kusikia neno nyonga mpaka mnanizika."

Alikuwa anajigamba tu, kila mtu alijua. Mzee wa miaka sabini na moja! Ningekuwa na akili siku ile ningemshika mkono tukarudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimembembeleza toka masika, nimelia, nimeomba, nimenuna. Nikamgeukia Odell. "Umesikia?"

Odell alizima mashine yake. Hapa kwetu lililosemwa mbele ya kile kiti halifutwi. Ndoa zimefungwa kwa maneno ya pale, na mtu alihama mtaa kwa kuyakana. "Nimesikia," alisema, na hakufurahi.

Jioni Quadir alikuwa anakula samaki wa kukaanga jikoni kwangu, mkate pande zote na pilipili ya chupa, kama alivyokula tangu mdogo. Alikula kidogo akasukuma sahani.

"Mama, akianguka je?"

"Usimguse. Mpite haraka, atabaki amesimama pale pale."

"Mbele ya watu wote wale? Hilo jina ndilo kitu pekee alichobaki nacho."

"Alibaki na nyonga pia, na mwangalie sasa. Afadhali aone haya akiwa anatembea."

"Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama, Mama. Kule uchochoroni. Mkono wake hapa kiunoni, siku nzima, mpaka nikajua uzito wangu uko wapi."

"Basi ujue na wake uko wapi, umpite," nikasema. Nilikuwa mkali. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Siku ya Sheria za Kale hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kwenye uwanja wa lami ulio nyuma ya kanisa la Mount Gilead. Mashemasi hufunika mstari wa pointi tatu kwa utepe mpana wa kijivu, ule wa mafundi bomba. Odell hushika filimbi na kuzitangaza sheria, na umati humjibu kama ibada. Kikapu ni mbili, popote utakapotupia. Kiganja kisiende chini ya mpira. Mkono kiunoni ruksa. Mwisho kabisa: damu isipotoka, hakuna faulo. Anayeona ameonewa aite faulo mwenyewe, ila hakuna anayeita. Aliyeita mara ya mwisho watu wanamwita Mama-Nisaidie mpaka leo, na ana wajukuu.

Mechi ya vijana ilitangulia. Quadir alipogusa mpira wa kwanza tu, pii: kiganja chini ya mpira. Wa pili, pii. Wa tatu vilevile.

"Tua hicho kibegi, mwanangu, umefika!" mama mmoja alimpigia kelele.

"Huko kazini kwako huwa wanakulipa kwa hayo?"

Akatupia kutoka mbali, mpira ukaingia safi, na uwanja wote ukaimba, "Mbi-li!" Alipojaribu kukata kuingia ndani, fundi bomba mmoja mwenye kitambi alimwekea mkono kiunoni na kumsindikiza taratibu mpaka kwenye uzio. Mwanzoni Quadir alikuwa anacheka. Baadaye akaacha kucheka, na mimi nikapata hofu nyingine: labda Lucius alisema kweli, labda mtoto hataweza.

Lakini mtoto ana akili ya mpira. Taratibu akaanza kudunda mpira chini zaidi, mkono juu yake. Akajifunza kumpa mlinzi mgongo, bega chini, na kuutumia ule mkono uliomshika kama mtu anavyoegemea ukuta ili azunguke. Yule fundi akajikuta anashika hewa. Quadir akafunga, akafunga tena. Nilimwona Lucius kwenye kiti chake cha kukunja akitikisa kichwa kwa raha, halafu akakumbuka upande wake na kuacha.

Kisha Odell akapuliza filimbi. "Mpira mmoja," akasema.

Lucius alinipa kofia yake. Fimbo niliyoileta hakuigusa. Aliingia uwanjani kwa mwendo wake ule wa kwenda kupokea tuzo, na watu wakapiga makofi. Wazee wengine walikuwa wanalia kabla hakijatokea chochote. Mimi nilisimama pembeni, karibu na mstari, nimekumbatia kofia.

Quadir akadunda mpira mara kadhaa. Akaenda kushoto, si kwa kasi yake yote, na Lucius akasogea. Nakiri alisogea vizuri. Miguu ilikumbuka. Quadir akabadilisha mkono kwenda kulia, na hapo ndipo mkono wa kaka yangu ukatua kiunoni mwake, na Quadir akasimama.

"Kufuli!" watu wakalipuka. "Kamfunga! Mtoto hapiti!"

Wao walikuwa nyuma, wanaona mgongo tu. Mimi pale nilipokuwa niliona vidole. Vilikuwa vimeishika kaptula ya mwanangu vikawa vyeupe kwenye vifundo. Mguu wa kulia wa Lucius ulikuwa umegusa lami kwa ncha ya kiatu tu. Uzito wake wote, mtu mzima yule, ulikuwa umening'inia kwenye kiuno cha Quadir. Mtoto akipiga hatua moja, mjomba wake anakwenda chini kwenye lami.

"Kufuli! Kufuli!"

Quadir alikuwa anadunda mpira pale pale alipo, pap, pap, na macho yake yako kwangu. Akipita, ameshinda, na kaka yangu amevunjika. Akibaki, Lucius ameshinda, na baridi ikija atavunjika peke yake kwenye theluji, nami nimeapishwa nisiseme neno. Mimi ndiye niliyemwambia ampite. Nilimchukia Lucius wakati ule, nikampenda, na nikaomba Mungu anitoe pale.

"Pita," Lucius akasema, kwa sauti ya chini.

"Siwezi, mjomba."

"Pita, nimesema. Mwanamume gani wewe?"

"Nikisogea utaanguka."

Uso wa kaka yangu nilikuwa naujua tangu utotoni, lakini ule sikuwahi kuuona. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nyuma yangu watu walikuwa wanaruka na kukumbatiana, mtu mmoja anapiga sufuria. Odell alikuwa ameshusha filimbi. Naye ameona.

"Faulo," Lucius akasema.

Waliokuwa karibu wakanyamaza. Odell akauliza, kwa upole kabisa, "Faulo gani, Kufuli? Damu iko wapi?"

"Faulo yangu. Nimemshika."

"Mkono kiunoni ruksa, kaka. Umemzuia. Umeshinda."

"Sikumzuia, Odell. Nimejishikilia." Akavuta pumzi. "Kama angeenda, ningekuwa chini sasa hivi. Amenipita. Andika amenipita."

Ule ukimya ulienda nyuma mstari kwa mstari mpaka kwa yule mwenye sufuria, naye akapiga mara moja zaidi halafu akaacha. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Wazee waliokuwa wanalia kwa furaha walikuwa bado na machozi usoni na hayakuwa na kazi tena.

Quadir aliuacha mpira ubiringike uende. Akamzungushia mjomba wake mkono mgongoni. Nikawafuata na fimbo, na Lucius akaikataa kwa kichwa.

"Gari liko wapi, Nell?"

"Hapo barabarani."

"Mbali?"

"Si mbali."

Ilikuwa mbali. Tulipita katikati ya watu, wakatupisha, na mkono wa Lucius ulikuwa bado pale pale kiunoni mwa mwanangu, umeishika ile kaptula. Kijana mmoja alisema, "Heshima, mzee." Quadir alikuwa anatembea kwa hatua fupi fupi, kama tunavyomtembeza mtoto.

Tulimwingiza kiti cha nyuma. Ilichukua muda, na alitoa sauti moja ambayo sitaki kuisikia tena. Nikamvalisha kofia. Nilitaka nimwambie nimefurahi, kwamba Jumatatu nitampeleka mwenyewe, lakini alikuwa anautazama uwanja kupitia kioo, ambako mashemasi walikuwa wameanza kubandua utepe.

"Enzi zetu," akasema, "angepita."

Nikadhani anamlaumu mtoto. Nikageuka nimjibu, maana hata pale nilikuwa na la kujibu.

"Yeyote angepita, Nell. Mimi mwenyewe ningepita. Nilishapita, mtu nikamwacha sakafuni." Akafunga macho. "Washa gari."