Harufu Ndani ya Cortina

Jamaldin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani huko Kilindini, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na tangu mwaka wa 1965 alikuwa na ugonjwa mmoja tu: gari. Alinunua Cortina GT kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, gari la mbio ambalo likiguruma Ndia Kuu, paka wote huhama baraza. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaliendesha. Jamaldin aliyatazama magurudumu, akayaona membamba.

Akampelekea fundi Dzoro, kule Kibarani. Dzoro akamtilia rimu pana na matairi makubwa. Yalipogusa chuma kwa ndani, akaongeza na spesa, zile pete nene za chuma zinazokaa kati ya kitovu na rimu ili gurudumu lisogee nje. Gari likasimama limetanua miguu kama bondia.

"Bwana Jamaldin," Dzoro akasema huku akipangusa mikono, "ukiwa peke yako, nenda hata Malindi. Lakini nyuma usipakie watu wazito. Springi zikilala, tairi litasaga madigadi, na mpira utaungua."

"Mimi nipakie watu nyuma? Kwani hili ni basi?"

Maneno hayo humfaa mtu asiye na mama. Jamaldin alikuwa na mama, na Bi Mwanakuu hakuwa mwembamba. Isitoshe, posa ya Jamaldin kwa Mwanatumu, binti wa Mzee Gharib, ilikuwa imekubaliwa, na wakati wa kualika umefika. Watu wa pwani hawaalikwi kwa karatasi. Mtu huendewa nyumbani kwake, akaambiwa kwa mdomo, la sivyo haji, na asipokuja husema mpaka afe. Waalikaji walikuwa wawili: Bi Mwanakuu upande wa mume, na Bi Mishi, shangazi yake Mwanatumu, upande wa mke. Na Jamaldin, kwa ulimi wake mwenyewe, alikuwa ameshajitapa barazani kwamba waalikaji wake watakwenda kwa gari ambalo Mombasa haijapata kuliona. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Siku ya siku, Bi Mishi akatoka na buibui lake, amejifukiza udi tangu asubuhi. Kukaa mbele na mwanamume hakukuwezekana, akaingia nyuma. Bi Mwanakuu, naye kajifukiza vilevile, asingeweza kumwacha mgeni peke yake, akaingia nyuma pia. Gari likashuka kwa adabu. Jamaldin akasikia kitu kikisaga huko nyuma, akakohoa ili wao wasisikie.

Kufika Mwembe Tayari, harufu ikaingia. Karibu na Makupa ikaingia na moshi.

Sasa wanawake wawili waliojifukiza, ndani ya gari moja, madirisha yamefungwa, wakisikia harufu ya kitu kinachoungua, watafikiri nini? Kila mmoja alifikiri udi wa mwenzake. Bi Mwanakuu akajifunika pua kwa ncha ya buibui. Bi Mishi akaiona ncha hiyo.

"Dada, udi wenu mwaununua wapi?" akauliza Bi Mwanakuu kwa upole ulionolewa.

"Wetu waja kutoka Makka. Huu ninaousikia mimi ni wa vipande vya kiatu."

"Vya kiatu? Waniambia mimi nanuka, Mishi?"

"Pua yangu ndiyo iliyosema. Mimi nimetafsiri tu."

Jamaldin alijua. Tuseme ukweli, alijua tangu mwanzo. Lakini angesema nini? Kwamba gari lake la ajabu haliwezi kubeba wanawake wawili? Au kwamba wao ni wazito? Akakaza macho njiani. Bi Mishi akaamuru gari lisimame, akashuka, akarudi mjini kwa miguu juani.

Jioni ile neno likatoka kwa Mzee Gharib: nyumba inayomtukana shangazi wa binti yake hawezi kuipa binti. Bi Mishi akipata radhi kabla ya Ijumaa, vyema. Asipopata, posa irudi.

Jamaldin akatumia akili za karani. Akaenda Biashara Street akanunua udi wa bei, akaufunga mafungu mawili, akapeleka kila nyumba fungu lake kimyakimya. Bi Mishi akalifungua lake, akapiga kelele: "Mwaona! Wamenitumia udi, maana yake nanuka!" Bi Mwanakuu akalipata lake, akadhani limetoka kwa Bi Mishi, naye akapiga kelele zizo hizo. Sasa hata majirani wakajua.

Alhamisi Jamaldin akamkuta mama yake uani, amechutama mbele ya karai, anafua buibui. Lilikuwa buibui lile lile, na alikuwa akilifua mara ya tatu. Akalikamua, akalileta puani, akalishusha.

"Hebu nusa, mwanangu. Wafiche watu, usinifiche mimi mamako. Nanuka?"

"Hunuki, mama," akajibu.  Alitoka mbio, hata viatu akavivalia ndani ya gari.

Kwa Mzee Gharib, pale Ndia Kuu, alieleza yote: rimu, spesa, springi, madigadi. Bi Mishi alisikiliza nyuma ya pazia. Alipokwisha, Mzee Gharib akatuma Bi Mwanakuu aitwe, na Jamaldin akalazimika kuyarudia yote mbele ya mama yake.



"Basi harufu haikuwa yake," akasema Bi Mishi.

"Wala yako, dada," akasema Bi Mwanakuu, kisha akamgeukia mwanawe. "Siku tatu nafua nguo, nawe wanitazama."

Jamaldin aliona haya mpaka machozi yakamtoka.

"Kijana," akasema Mzee Gharib, "gari lisiloweza kumbeba mamako litambebaje mwanangu?"

"Nitazitoa spesa, mzee. Leo."

"Leo mbali. Zitoe hapo mlangoni pangu, sasa hivi, ndipo posa isimame. Watu waliosikia kwamba mamako anuka wako barazani."

Jamaldin akatoka, akapiga jeki katikati ya Ndia Kuu, saa ya watu kurudi kutoka sala ya alasiri. Wa kwanza akamuuliza anafanya nini. Akatamani kusema anabadilisha tairi. Akasema, "Natoa magurudumu haya. Yalishindwa kumbeba mama, yakaungua, nami nikanyamaza, akasingiziwa yeye." Wa pili akauliza, akamwambia vivyo hivyo. Alipofika gurudumu la nne hakuna aliyeuliza tena. Walikuwa wamekaa, wakimtazama, na Bi Mwanakuu alikuwa amesimama mlangoni, uso wazi, akimhesabia nati.