Sakafu ya Mfereji

Fundi huyu alikuwa mchonga mihuri kwa miaka tisa kabla maabara haijamwajiri kuchonga vitu vidogo zaidi: mifereji myembamba kuliko unywele, ndani ya kipande cha mpira angavu kinachotosha kulala juu ya kucha. Upande mmoja iingie damu ya mtoto mchanga, upande wa pili dawa, zichanganyike, rangi ioneshe kama mtoto ana ugonjwa wa manjano.

Tatizo, hazikuchanganyika. Chini ya hadubini, wino wa majaribio, wa bluu na wa njano, ulikwenda sambamba mpaka mwisho, kila mmoja na hamsini zake, kama mawifi walionuniana.

"Tutafunga mota ya kuutikisa," alisema mkuu wa maabara. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Injini. Hata mlango ukikwama angeutafutia mota.

"Mota ya nini, mkuu? Tuchonge sakafu ya mfereji. Maji yakikuta matuta ya mshazari, yatajipindua yenyewe."

"Wewe umeajiriwa kukata, si kufikiri."

Jioni fundi alimpigia simu dada yake, nesi wa zahanati ambayo umeme wake huja ukijisikia.

"Ile mashine yenu ya majaribio ya mwaka jana nimeirudisha kwenye boksi," dada alimwambia. "Betri ikifa, ni pambo la mezani. Mdogo wangu, mimi nina watoto hapa, sina soketi."

Basi akapiga moyo konde. Saa za chakula wenzake wakitoka, yeye alibaki na hadubini. Matuta ya kwanza, yaliyolala upande mmoja, yaliusokota wino kidogo tu. Akachonga mengine kama miiba ya samaki. Yakazaa vizingia viwili, maji yakizunguka mahali pamoja, kila kimoja kikang'ang'ania rangi yake. Siku kadhaa alizunguka na ndita usoni. Kisha akauhamisha uti wa miiba: katika safu moja uegemee kushoto, katika inayofuata kulia, ili vizingia vinyang'anyane maji.

Mwisho wa mfereji ukatoka kijani.

"Kijani!" alipiga kelele, peke yake chumbani.

Bwana Injini alipogundua, alikitupa kile kipande kwenye pipa la taka na kumwandikia barua ya onyo. Fundi aliisoma, akaandika chini yake: *Nimesoma. Sikubali.* Akairudisha, akaenda kuchonga kingine.

Siku manesi wa zahanati walipoalikwa kuona mashine, mota ilinguruma vizuri. Nesi mmoja mnene akanyoosha mkono. "Umeme ukikatika?"

"Ina betri," alisema Bwana Injini.

"Na betri ikiisha?"

Fundi akainuka kwenye viti vya nyuma, akapita katikati ya viti mpaka mbele. Aliweka kipande chake chini ya hadubini, akasukuma mabomba mawili ya sindano kwa vidole vyake. Ukutani, kwenye picha kubwa, bluu na njano vilijikunja, vikakunjana tena, vikawa kijani.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bwana Injini akatabasamu upesi. "Fundi wangu huyu. Kwa maelekezo yangu..."

"Hapana, mkuu. Ulinikataza. Barua yako iko kwenye faili langu."

Kesho yake alihamishiwa stoo kuhesabu glavu. Alizihesabu wiki saba, na hakuomba radhi hata siku moja. Kisha zahanati kumi na mbili zikaandika kwamba zinataka vile vipande visivyo na mota, na hapo maabara hapakuwa na mwingine aliyejua kuvichonga. Bwana Injini akateremka stoo mwenyewe.

"Rudi mezani kwako."

"Nitarudi," alisema fundi bila kuinuka. "Lakini ripoti ya vipande hivi itaandika nani aliyefikiri."

Bwana Injini akavuta kiti, akaomba kalamu.