Vidole Viwili vya Saadiya

Hakuna aliyemtazamia. Adhuhuri, jua la utosi, mwanamke mgeni aliteremka kwenye punda mbele ya nyumba ya kina Saadiya, kijijini Matondoni.

"Hapa ndipo kwa Ubaid, aliyepewa figo na dada yake?"

"Huyo dada ni mimi," Saadiya alisema.

Mgeni alikuwa Jeruto, nesi wa kliniki ya figo Mombasa. Ubaid alikosa kliniki mara mbili na simu yake haikupatikana.

Ndani, Ubaid alikuwa amejikunja mkekani, siku ya tisa ya kuharisha damu. Kaka yao mkubwa, Husni, fundi wa mashua, alikuwa akimnywesha sanamaki. Kwao tumbo likichafuka husafishwa kwa majani hayo, na Husni alishaamua kwamba uchafu ni vidonge vya hospitali. Siku nne nyuma alivitupa baharini.

Jeruto alinusa kikombe. "Bwana, mnamuua. Utumbo wake umevimba una vidonda. Wachache waliopandikizwa figo hupatwa na haya, hata wakimeza dawa. Sanamaki inamchana zaidi, na bila vidonge mwili utalikataa figo."

"Mumemkata dada yangu, sasa mwaja kummaliza ndugu yangu?"

Husni alinyakua nyundo yake ya mti, ile ya kushindilia pamba kwenye mbao za mashua, akalishushia sanduku la dawa la nesi. Saadiya alitanguliza mkono wa kushoto kulikinga. Mifupa ya vidole ikalia. Nyundo ilipopanda tena, Saadiya alimpiga kaka yake kichwa cha pua, Husni akaanguka chini, damu ikamjaa ndevuni.

"Mimi nimetoa figo," Saadiya alisema akihema. "Wewe toa mashua."

Husni alivitazama vidole viwili vya dada yake vilivyopinda. Akainuka, akaenda kuwasha mashine ya mashua.

Jeruto alimtundikia Ubaid dripu kutoka sandukuni, wakavuka kwenda uwanja wa Manda kuwahi ndege.

"Utanishika hadi kwa daktari, kama siku ile ya kupandikizwa?" Ubaid alinong'ona.

"Hadi kwa daktari."

Mkono mzima wa Saadiya uliinua chupa ya dripu, kwa kuwa ule mwingine haukuweza. Uliovunjika ndio aliompa Ubaid aushike. Kila msokoto wa tumbo ulipomjia, Ubaid aliubana kama jiliwa la fundi linavyobana ubao, bila kujua. Saadiya aliuma mtandio mpaka ukachanika.

"Nipe nimshike mimi," Jeruto alisema.

"Si wewe uliyemuahidi."

Hakuuachia mkono wa Ubaid mashuani, wala angani. Jioni, Mombasa, daktari alipomwinamia Ubaid, Saadiya alimwambia ndugu yake, "Tumefika," akaufungua mkono.

Vidole viwili havikufunguka.