Maji Yalipoingia Mferejini

Kasmir anauza majenereta Kariakoo, umeme ukikatika yeye ndiyo anachekelea. Sasa bwana, utaona kituko. Kijijini kwao, kule Njombe, watu walipewa leseni ya kujenga mtambo mdogo wa umeme kwenye maporomoko, na leseni ina muda wake. Mwisho wa mwezi inaisha, mtambo haujasimama. Wasipoongezewa muda, maporomoko anapewa mwingine.

Njiani kwenda Posta kuomba muda alimsihi shangazi yake Mektilda, mwenyekiti wa ule mradi, aseme mvua ndiyo imewachelewesha. Mvua kila mtu anaielewa. Shangazi kakumbatia mkoba wake tu.

Kwenye ofisi ya leseni wakamkuta binti mmoja mhandisi, Leticia. Akaamkia, akaitikiwa, akauliza mbona kazi ya mfereji wa kupeleka maji mtamboni ilisimama vile. Kasmir akafungua mdomo. Shangazi akamuwahi.

"Tulizika, mwanangu. Alikufa mzee wa mto, yule anayeutunza, akafuata mkewe, akafuata kaka yake. Kwetu msiba ukiwepo jembe haligusi ardhi mpaka tuanue tanga."

Kasmir akaona basi, kwisha habari yao. Binti akauliza taratibu tu, sasa mfereji umefikia wapi? Shangazi akasema leo ndiyo wanaufungulia maji kuujaribu, aangalie mwenyewe. Kasmir akapiga simu ya video, akatokea fundi wao Athanas, matope mpaka kifuani.

Lango likanyanyuliwa. Mwanzo hamna kitu. Halafu yakaja maji, polepole, kama mgeni anayeingia nyumba asiyoijua, yamebeba majani makavu, yakakata kona waliyoichimba kwa mikono, yakafika kwenye bomba, yakadondoka. Ule mngurumo! Simu ikatetemeka mezani. Kasmir majenereta ya kila aina kayasikia, ila sauti ile ilimwingia mifupani. Maji yale yale aliyokuwa akichota utotoni, kumbe yana nguvu zote hizo na yalikuwa yamenyamaza tu. Hata mlinzi wa mlangoni alisogea.

Leticia ndiyo akauliza, "Na akifa mwingine, bibi?"

"Jembe limemaliza kazi. Imebaki mashine, na mashine haina mwiko."

Binti akacheka. Akasema mfereji unaopitisha maji ndiyo alichotaka kukiona, akawaongezea muda mpaka mvua zijazo zipite.

Kurudi Kariakoo, umeme umekatika, wateja wamejaa mlangoni. Kasmir akawaomba wasubiri kidogo. Akampigia tena Athanas, akaweka simu sikioni, akafumba macho. Shangazi akamwambia atafilisika kwa kusikiliza maji.