Mizunguko Minne ya Mkaja

Kila asubuhi, kahawa ikiwa bado jikoni, Gashaw alimpima mkewe kwa mkaja. Ulikuwa mkaja ule ule wa pamba aliovaa Yeshareg siku ya harusi, na siku hiyo ulimzunguka kiunoni mara tano. Alipomzaa Tsegaw, mtoto wa kwanza, ukazunguka mara nne. Sasa amejifungua wa pili, binti, wiki tatu zimepita, na mkaja ulizunguka mara tatu kwa shida, fundo likikaa upande.

Gashaw alikuwa mtengeneza ngozi za kuandikia. Alinunua ngozi za mbuzi, akaziloweka, akaziwamba kwenye kiunzi cha miti, akazikwangua kwa kisu cha mviringo mpaka zikawa nyeupe, kisha akawauzia watu wa kanisa waliojua kuandika. Yeye mwenyewe hakujua herufi hata moja. Lakini ngozi alizijua, na jambo la tumbo la mkewe lilimsumbua kama kazi iliyoharibika mikononi mwake.

"Ngozi ya mbuzi nikiiwamba siku mbili inalia kama ngoma," alimwambia asubuhi moja, akikunja mkaja. "Ya kwako ina nini?"

Yeshareg hakujua ina nini. Ilining'inia tu, laini, na alipoketi ilimlalia mapajani kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka.

Gashaw hakuwa mtu wa kelele. Alikwisha kusema mara moja, kwa sauti ya kawaida, na hakuona haja ya kurudia. Mtoto wa kike hubatizwa siku ya themanini, na siku hiyo ndugu zake wote wangekuja. Kama siku hiyo mkaja hauzunguki mara nne, angemrudisha Yeshareg kwao, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Kichanga kingekwenda na mama kwa sababu ya kunyonya. Tsegaw, mwenye miaka minne, angebaki kwa baba yake.

Mama mkwe, Etagegn, hakuwa mkwe mbaya. Alimpikia ugali wa shayiri wenye shimo la siagi katikati, akamkanda tumbo kwa maji ya moto, akamfunga. Ni yeye aliyeona. Michirizi ya tumbo la Yeshareg, ambayo kila mwanamke anayo, ilikuwa imejipanga mistari. Ile ya mimba ya Tsegaw ilikwisha kufifia, rangi ya fedha. Ya mimba hii ilikuwa myekundu, na ndani yake herufi zilisimama moja moja kama watu waliopanga foleni.

"Gashaw," aliita. "Mkeo ameandikwa."

Gashaw alikuja akifuta mikono. Aliinama, akatazama kwa jicho la kazi. Alisema mistari imenyooka, na kwamba aliyeandika lazima alichora kwanza kwa msumari, kama inavyotakiwa. Kisha akaenda kumwita Kinfe, mwimbaji na mwalimu wa kanisa aliyekuwa akinunua ngozi zake kuandikia hirizi.

Mwalimu Kinfe hakuingia ndani, maana nyumba ya mzazi ilikuwa bado haijatakaswa. Alisimama uani. Yeshareg akasimama mlangoni, amejifunika uso kwa shuka nyeupe, gauni amelipandisha, jua likimpiga tumboni. Mantegbosh, jirani, ambaye alikuja kwa ajili ya kahawa, alibaki na kikombe chake.

Kinfe alisifu mwandiko. Kisha akasoma, polepole, akifasiri kutoka lugha ya kanisa kwa lugha ya nyumbani.

"Mwezi wa Hamle, mimba ya miezi mitano. Alisema anaona kizunguzungu. Akaambiwa maji hayajichoti."

"Nilisema mimi," alikubali Etagegn.

"Mwezi wa Meskerem, sikukuu ya Msalaba. Miguu ilimvimba. Akaambiwa wenzake wanazalia shambani na jioni wanapika."

"Hilo langu," alisema Gashaw.

"Siku ya tatu ya uzazi. Aliomba alale kidogo. Akaambiwa mbuzi wa jirani kazaa watatu na tumbo lake limerudi."

Mantegbosh alichekea ndani ya kikombe. "Nilikuwa namtania, jamani. Na mbuzi mwenyewe si unamjua, shoga, hata aibu hana."

Kinfe aliendelea. Mambo yalikuwa mengi na yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyebisha hata moja. Mstari wa mwisho ulikuwa bado mbichi, unang'aa. Ulihusu ngozi ya mbuzi inayolia kama ngoma. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya upana wa kidole.

Gashaw aliuliza kama maandishi yanaweza kukwanguliwa, kama wanavyokwangua wanapokosea. Mwalimu alisema hapana, wino umeingia kutoka ndani, ukikwangua utatoboa.

"Ngozi inaongezeka kwa sababu anayeandika hajamaliza," alisema. "Anahitaji nafasi. Mkitaka ikome, msimpe cha kuandika."

Wote waliona ni maneno ya maana. Mwalimu alipewa ngozi moja ya mbuzi kwa usumbufu wake, akaenda zake.

Siku iliyofuata Gashaw alimpima mkewe bila kusema neno. Etagegn alimkanda bila kusema neno. Mantegbosh alipopita njiani alijiziba mdomo kwa mkono, akapunga kwa mwingine. Jioni ngozi ilikuwa pale pale. Siku ya pili pia, na tena fundo la mkaja lilisogea kidogo, likakaribia katikati. Yeshareg aliliona. Usiku ule alimlaza Tsegaw ubavuni pake, jambo ambalo hakulifanya tangu ajifungue, akahesabu siku zilizobaki kwa vidole vya mtoto, na vidole vilipokwisha akaanza tena.

Siku ya tatu, Etagegn alipokuwa akimfunga, Yeshareg alimuuliza, "Mama, na tumbo lako?"

Etagegn alifungua mkaja wake mwenyewe, wa miaka mingi, mweusi kwa moshi. Tumbo lake lilikuwa na mikunjo saba, na alipoinyanyua mmoja mmoja, mistari ilionekana hadi chini kabisa, imepauka, imebanana, mingine juu ya mingine.

"Tumwite mwalimu akusomee?"

"Nisomewe ya nini, mwanangu? Nilikuwepo."

Akajifunga tena. Akamfunga Yeshareg pia, kwa mikono ya taratibu kuliko siku zote, akamwekea siagi ya ziada kwenye shimo la ugali.

Siku ya nne maji yaliisha. Etagegn alikuwa na goti linalouma, Gashaw alikuwa na ngozi sita kwenye viunzi ambazo zingekauka vibaya kama hazikulowanishwa, na kichanga kilikuwa kimelia tangu alfajiri. Yeshareg alisema anasikia baridi mgongoni, hawezi kubeba mtungi. Etagegn alikuwa ameinama kwenye majivu.

"Maji hayajichoti," alisema.

Alisikia alichosema. Alinyanyuka, akamtazama mkwewe usoni, kisha tumboni. Yeshareg alifungua kidogo gauni. Mstari ulikwisha kuwapo, mwekundu, na chini yake nafasi mpya ya kidole kimoja.

"Basi," alisema Etagegn, na akampa mtungi.

Baada ya hapo hakuna aliyeona sababu ya kuendelea kunyamaza. Gashaw alisema aliyokuwa ameyaweka siku tatu, na yalichukua nafasi ya vidole vinne. Mantegbosh aliuliza kama kuna mtoto mwingine amesahaulika humo ndani. Ndugu wa Gashaw walipoanza kufika kwa ubatizo, kila mmoja alikuwa na la kwake, dogo tu, la kuchangamsha. Yeshareg alijifunza kuikunja ngozi mara mbili na kuichomeka ndani ya mkaja kabla ya kwenda kisimani, ili isimzonge magotini.

Siku ya themanini mtoto alibatizwa. Watu walikula, wakanywa, wakaimba. Walipokwisha kuondoka Gashaw alimwita mkewe ghalani, pasipo na watu, kwa kumstahi, akampima. Mkaja ulizunguka mara mbili. Alipima tena kuanzia ncha ya pili, kama fundi anayetaka kuwa na hakika, ukazunguka mara mbili.

"Unaona mwenyewe," alisema.

"Naona."

Asubuhi alimfunga punda. Alimkagulia mkewe kamba za mzigo, akaongeza blanketi moja ambalo hakuombwa. Tsegaw alipewa shayiri ya kukaanga kwenye bakuli kubwa ili asifuate. Alikula. Yeshareg alipofika kwenye kona ya ukuta wa mawe aligeuka, na mtoto alikuwa bado anakula, ameelekea upande wa viunzi. Juu ya ngozi ya tumbo alisikia kitu kinatembea, chepesi, kama mguu wa nzi. Hakusimama kutazama.

Jua lilikuwa linatua alipofika kwao. Mama yake alimpokea kichanga, akambusu mabega yote mawili, akamuuliza habari za njia. Kisha akamfungua mkaja na kuitazama ngozi, mkunjo baada ya mkunjo, akiisogeza karibu na moto apate kuona. Yeye pia hakujua kusoma. Alipofika mstari wa mwisho alipitisha kidole juu yake, na kidole kikatoka chekundu.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Wa kwangu haukunyooka hivi."

Akamtandikia karibu na moto, akampa maziwa. Alipokuwa anafunika makaa alisema, bila ubaya wowote, "Kesho uamke mapema, mwanangu. Huku kwetu kisima ni mbali kuliko kwenu."

Yeshareg aliitikia. Alisubiri mguu wa nzi upite, umalize mstari. Kisha, kwa kuwa kichanga kilikuwa kinatetemeka na blanketi halikutosha, aliivuta ngozi iliyoongezeka, akakifunika nayo mpaka kidevuni, wakalala.