Pauni Kumi kwa Kila Pointi

Swichi ya birika la umeme ililia "tak" jikoni, na Nora Entwistle akafumbua macho gizani. Alikuwa mgeni wa siku chache, amelala kwenye kochi la kukunjua sebuleni kwa mwanawe Clive, mjini Preston. Nje kulikuwa bado usiku, ule usiku wa Desemba usio na haraka ya kwenda popote. Alimsikia Clive akinyata na soksi zake. Jitu zima la miaka hamsini na mbili, linanyata lisimwamshe mama yake! Nora akajifanya amelala, maana wema mwingine ukionyesha kwamba umeuona, unamtia haya aliyeutenda.

Kompyuta ilikuwa hapo hapo sebuleni, karibu na dirisha, kwa kuwa nyumba haikuwa na nafasi nyingine. Clive aliiwasha, kisha akapunguza mwanga wa skrini mpaka ukabaki kama mshumaa unaokata roho, usije ukampiga mama yake machoni.

"Usijisumbue, niko macho," Nora alisema. "Ndiyo ule mchezo wako?"

"Si mchezo, mama. Ni mazoezi. Njoo uone, saa moja kamili serikali inatoa takwimu za bei za vitu."

Tangu kiwanda cha biskuti kilipompunguza kazini, Clive alikuwa akijifunza kubashiri thamani ya fedha. Mkewe Denise, aliyefanya zamu za usiku hospitalini, alikubali kwa sharti moja: akaunti ya mazoezi tu, ya pesa za kujifanya, mpaka Clive apate kazi. Kiinua mgongo chake kilikuwa cha kulipia nyumba msimu wote wa baridi. Clive aliapa. Nora alikuwepo alipoapa, na hakulala vizuri usiku ule, kwa sababu alimjua mwanawe: hakuwa mwongo, lakini alikuwa mwepesi wa kutumaini.

"Unaona bei mbili hizi?" Clive alinong'ona, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kuamshwa. "Ya kununulia iko juu, ya kuuzia iko chini. Hilo pengo la katikati ndilo riziki ya kampuni. Mimi nasema pauni itapanda mbele ya dola. Naweka pauni kumi kwa kila pointi, ile tarakimu ndogo ya mwisho. Ikipanda pointi moja, nimepata kumi."

"Na ikishuka?"

"Nimepoteza kumi. Lakini ni hewa tu, mama."

"Marehemu baba yako alipocheza kamari ya farasi, angalau farasi tulimwona akichechemea."

Clive alicheka, akabonyeza, akaenda jikoni kumtengenezea chai. Nora alivaa miwani yake akasogea karibu. Saa moja ikafika. Tarakimu ziliruka kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji, zikageuka nyekundu, zikaanza kushuka.

"Clive," aliita, "mbona huku juu pana jina lako? Jana palikuwa pameandikwa 'mazoezi'."

Kijiko kilianguka jikoni. Clive alikuja mbio na kikombe mkononi, chai ikimwagika kwenye zulia, akaongeza mwanga wa skrini. Juu kabisa palikuwa na utepe wa buluu. Ule wa mazoezi ulikuwa wa kijivu. Katika mwanga mdogo, buluu na kijivu vilikuwa ndugu mapacha.

"Mungu wangu," alisema. "Hii ni ile ya kweli."

"Una ya kweli?"

Clive aliweka kikombe chini. Kisha yakamtoka yote kwa pamoja: aliifungua Jumatatu, akaweka kiinua mgongo ndani, kikae tu, kimngojee awe tayari. Jana usiku aliifungua kukitazama, akasahau kurudi kwenye ile nyingine.

Hasara ilikuwa pauni mia tatu. Ikawa mia nne na hamsini.

"Itarudi," Clive alisema. "Huwa inarudi. Wiki iliyopita nilingoja siku mbili, ikarudi."

"Wiki iliyopita ulikuwa unalala usingizi."

Kweli, wiki ile ya pesa za kujifanya alilala, akala, akaenda kumtengenezea jirani mfereji. Sasa shavu lilikuwa likimchezacheza. Mia sita. Nora hakuwa na maneno ya busara. Alichoweza ni kumshika kiwiko, kama alivyomshika zamani akimvusha barabara.

"Mama, nifanye nini?"

"Mimi dola siijui, mwanangu. Ungeniuliza keki ningekujibu. Lakini mkeo anaingia saa mbili na nusu. Unataka akute hii bado inaendelea?"

Clive alifumba macho, akabonyeza kulifunga dau. Mia saba na ishirini. Imefungwa.

Muda si muda bei ikaanza kupanda, na Clive akaguna kama mtu aliyepigwa ngumi. Nora alivua sweta lake akaifunika skrini.

Wakakaa. Chai ilipoa. Kila gari lililopita nje lilikuwa la Denise, kisha halikuwa la Denise.

"Naweza kumwambia boila ya kupasha nyumba joto imeharibika," Clive alisema. "Fundi kachukua mia saba."

"Unaweza," Nora alisema, akimtazama. Woga wake kwamba angeweza kudanganya ulikuwa mkubwa kuliko ule wa tarakimu.

Denise aliingia na baridi yake, koti likiwa bado limefungwa vifungo. Alimwona Clive amesimama katikati ya sebule.

"Nani kafa?"

"Nimepoteza pesa. Za kweli. Mia saba na ishirini."

"Umeweka kiasi gani humo?"

"Denise..."

"Sikuulizi kilichopotea. Nakuuliza ulichoweka."

"Chote."

Denise alikaa kwenye ngazi. "Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ulinibusu pale mlangoni."

Clive alitazama mlango, na Nora alishukuru kwamba hakutafuta la kujitetea.

"Rudisha benki," Denise alisema. "Sasa hivi, mimi nikiwa hapa. Na hiyo akaunti uifunge."

Alisimama nyuma yake na koti lake mpaka ujumbe ukatokea kwamba pesa iliyobaki itarudi. Hakupiga kelele. Hakumgusa pia. Alipogeuka, aliona miguu ya Nora iko peku sakafuni. Alipanda juu, akarudi na ndara zake mwenyewe zenye manyoya, akamwekea mbele ya miguu, kisha akaenda kulala.

Adhuhuri Denise aliamka, macho yamemvimba, akamsindikiza Nora kituo cha basi. Clive alibaki akisugua zulia lenye chai. Kwenye kona Denise aliuliza:

"Ulimshurutisha aseme?"

"Hapana. Alikuwa na uongo wa boila, mzuri tu. Akauacha mwenyewe."

Denise akacheka kidogo, kicheko chenye kamasi, akatafuta leso mfukoni. "Boila! Mpumbavu yule." Kisha uso ukamharibika tena. "Sijui nitamwamini lini, mama. Nikiwa kazini usiku nitakuwa nawaza skrini ile tu."

Basi lilikuwa limejitokeza kule chini. Denise alimfunga mama mkwe wake skafu vizuri shingoni, ingawa ilikuwa imefungwa.

"Jumanne nina zamu tena," alisema. "Uje. Simwekei mlinzi, usifikiri hivyo. Uje tu, mama. Nitakutandikia juu, chumbani kwangu. Kochi atalala Clive."